Kwa Nini Tyubu Imeondoka Ulaya: Sheria Nne Juu ya Taa Moja

Tarehe 24 Agosti 2023 ilikuwa siku ya mwisho kwa kiwanda au mwagizaji kuingiza katika soko la Umoja wa Ulaya tyubu za kawaida za T5 na T8 (majina yanayoonyesha unene wa tyubu), zile zilizotanda kwenye dari za ofisi, madarasa na wodi za hospitali. Ukiuliza kwa nini ziliondolewa, wengi watakujibu papo hapo kwamba zinakula umeme. Jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa. Tyubu nzuri ya T8 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 80 hadi 90 kwa kila wati, wakati balbu ya zamani ya uzi haifiki hata 15. Kwa hesabu ya umeme peke yake, tyubu haikuwa na deni kubwa hivyo. Kilichoimaliza ni zebaki iliyomo ndani yake, na sheria iliyotumika haiulizi kabisa taa inakula uniti ngapi.

Mkanganyiko huu unawagharimu watu fedha. Muuza vifaa vya umeme anasikia "Ulaya imepiga marufuku", halafu hajui ni taa ipi, kwa sababu gani, kuanzia lini, na kama shehena iliyoko ghalani bado inauzika. Ili kuufungua inabidi kukubali kwanza kwamba taa moja, kabla haijafika kwenye rafu ya duka la Hamburg au Lyon, inapita mbele ya sheria nne zenye maswali tofauti. Sheria ya usanifu unaojali mazingira, maarufu kwa jina la Ecodesign, inauliza taa inatumia umeme kiasi gani kwa mwanga inaoutoa, na kama inadumu. Sheria ya lebo ya nishati inauliza kama mnunuzi ameelezwa ukweli huo waziwazi. Agizo la RoHS linauliza ndani ya taa mna sumu gani. Agizo la WEEE linauliza nani atailipia siku itakapokuwa taka. Taa inaweza kufaulu maswali matatu ikaangushwa na la nne.

Mambo mawili ya kisheria yaeleweke kabla ya kusonga mbele, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea. Kwanza, zipo kanuni na yapo maagizo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inatumika moja kwa moja katika nchi zote 27, neno kwa neno. Agizo linaipa kila nchi lengo na muda, kisha nchi hiyo inatunga sheria yake yenyewe ya kulitekeleza. Mambo ya umeme na lebo yako kwenye kanuni, ya sumu na taka yako kwenye maagizo. Ndiyo maana utaratibu wa kujisajili kama muuza taa Ujerumani haufanani na wa Ufaransa, ingawa kiwango cha umeme ni kilekile.

Pili, marufuku nyingi kati ya hizi hazikatazi kutumia taa, wala hazimkatazi mwenye duka kumaliza mzigo wake. Zinakataza "kuweka sokoni", yaani ile mara ya kwanza kabisa mtengenezaji wa Ulaya au mwagizaji anapoitoa bidhaa kwa ajili ya soko la Umoja. Tyubu iliyokwisha kuvuka hatua hiyo kabla ya tarehe ya mwisho inaweza kuuzwa hadi iishe, na iliyoko darini inawaka hadi ife. Mtu akiona tyubu kwenye duka la Ubelgiji leo asikimbilie kusema sheria haifanyi kazi.

Umeme

Msingi wa upande wa umeme uliwekwa mwaka 2005 kwa agizo la kwanza la Ecodesign, likaandikwa upya mwaka 2009 kwa namba 2009/125/EC. Agizo lenyewe halitaji balbu yoyote. Linaipa Tume ya Ulaya uwezo wa kutoa kanuni kwa kila aina ya bidhaa: friji, mota, televisheni, taa. Kwa taa za nyumbani ilitoka kanuni ya 244/2009, na hiyo ndiyo iliyoiondoa balbu ya uzi kwa ngazi. Septemba 2009 ziliondoka za wati 100 pamoja na zote zenye kioo cha ukungu, Septemba 2010 za wati 75, 2011 za wati 60, na 2012 zikafuata za 40 na 25. Balbu za halojeni zilipewa muda zaidi. Zilipangiwa kuondoka 2016, zikasogezwa hadi Septemba 2018.

Watu hawakukubali kimyakimya. Ujerumani wanunuzi walijaza maboksi ya balbu nyumbani kabla ya tarehe kufika. Mhandisi mmoja huko, Siegfried Rotthäuser, alianza mwaka 2010 kuuza balbu za uzi kwa jina la Heatball, akisema ni vipasha joto vidogo vya umeme vinavyotokea tu kutoa mwanga. Kisayansi hakuwa mbali na ukweli, kwani asilimia 90 na zaidi ya umeme unaoingia kwenye balbu ya uzi hutoka kama joto. Mamlaka hazikumwelewa hivyo. Forodha ilizuia mzigo wake, na kesi aliyofungua hakushinda. Mwanya mwingine ulikuwa wa balbu za "kazi ngumu" zilizotengenezwa kuhimili mtikisiko wa viwandani, ambazo zilianza kuonekana kwenye maduka ya kawaida. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliubana mwanya huo.

Leo kanuni inayotawala ni ya 2019/2020, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021 na kuunganisha kanuni tatu za zamani kuwa moja. Hii ina akili ambayo naipenda. Haitoi orodha ya balbu zilizolaaniwa. Inatoa fomula, na kila taa inapigiwa hesabu. Chukua balbu ya LED ya kawaida ya lumeni 806, ile ambayo boksi lake huandikwa "sawa na wati 60", inayoonyesha rangi za vitu kwa usahihi wa 80 kati ya 100. Gawa 806 kwa 120, unapata 6.72. Ongeza 1.5, inakuwa 8.22. Zidisha kwa 1.08, kwa kuwa inatawanya mwanga pande zote na inatumia umeme wa gridi moja kwa moja. Jibu ni wati 8.9 hivi. Balbu hiyo ikila zaidi ya hapo haiingii sokoni. Balbu ya uzi yenye mwanga wa kiasi hicho inahitaji wati 60 na ushee, kwa hiyo fomula inaitupa nje bila hata kuitaja.

Kanuni hiyohiyo inapima uimara. Sampuli za LED zinawashwa saa mbili na nusu, zinazimwa nusu saa, mara 1200 mfululizo, jambo linalochukua saa 3600. Mwishoni angalau tisa katika kila kumi lazima ziwe zinawaka, na mwanga wake usiwe umefifia kupita kiwango kilichowekwa. Kuna pia ukomo wa mwanga kupepesa, kasoro isiyoonekana kwa urahisi ila inawaumiza wengi kichwa. Kwa maoni yangu vipimo hivi vya uimara vina faida kubwa kwa mwananchi kuliko hesabu ya wati. Balbu ya LED ya bei ya kutupa inayokufa baada ya miezi minne haijaokoa chochote, hata kama ilikuwa inakula wati tano.

Lebo

Kuanzia 2013 taa zilikuwa na lebo ya kuanzia A++ hadi E. LED zilipoboreka, karibu zote zikarundikana juu, na mnunuzi akawa haoni tofauti. Kanuni ya 2019/2015 ilifuta alama zote za kujumlisha na kurudisha ngazi saba, A hadi G, kuanzia 1 Septemba 2021. Vigezo vilipandishwa makusudi ili juu pabaki wazi: A inahitaji lumeni 210 kwa wati na zaidi, B 185, C 160, D 135, E 110, F 85, na chini ya hapo ni G.

Rudi kwenye balbu yetu ya lumeni 806. Ikila wati 8.5 inatoa lumeni 95 hivi kwa wati, yaani daraja F. Mtu aliyezoea lebo ya zamani anaiona F anadhani amepewa kitu kibovu, kumbe ni balbu halali inayotumia sehemu ndogo ya umeme wa balbu ya uzi. Daraja A linafikika. Mwaka 2021 kampuni ya Signify, inayouza taa za Philips, ilitoa balbu ya wati 4 yenye lumeni 840, sawasawa na 210 kwa wati. Bei yake tu ndiyo iliyokuwa juu.

Ukishika boksi, usiishie kwenye herufi. Chini yake pana namba ya uniti ambazo taa itakula ikiwaka saa 1000, ikikadiriwa kwenda juu hadi namba kamili. Balbu ya wati 8.5 itaandikwa 9. Kwa mtu anayenunua umeme kwa tokeni, namba hiyo ni rahisi kuitumia kuliko herufi yoyote. Pembeni kuna msimbo wa QR unaopeleka kwenye hifadhidata ya Umoja wa Ulaya iitwayo EPREL, ambako kila mtengenezaji lazima asajili taa yake kabla ya kuiuza. Hifadhidata hiyo iko wazi kwa mtu yeyote duniani. Mnunuzi wa Mombasa au Mwanza anayeambiwa "hii ni mali ya Ulaya" anaweza kuingiza jina la modeli na kuona kama imesajiliwa na imetajwa kuwa na lumeni ngapi.

Zebaki

Hapa ndipo kiini cha habari ya tyubu kilipo. Agizo la RoHS lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006, likaandikwa upya mwaka 2011 kwa namba 2011/65/EU. Linakataza risasi, zebaki, kadmiamu na kemikali nyingine kadhaa kwenye vifaa vya umeme na elektroniki. Ukomo wa zebaki ni asilimia 0.1 ya uzito wa kila malighafi iliyomo.

Tyubu haiwezi kutii sharti hilo, si kwa uzembe wa kiwanda bali kwa jinsi inavyofanya kazi. Umeme unapita katika mvuke wa zebaki, mvuke unatoa miale ya urujuanimno isiyoonekana, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza miale hiyo kuwa mwanga. Toa zebaki na tyubu inakuwa bomba la kioo tu. Kwa hiyo tangu mwanzo taa hizi ziliishi kwa misamaha, ambayo ukomo wake ulikuja kuwa miligramu 2.5 kwa enajiseva ndogo (tyubu iliyokunjwa kuwa balbu), 3 kwa T5 ya kawaida, 3.5 kwa T8. Ni kiasi kidogo mno kwa taa moja. Lakini tyubu zilikuwa zikitengenezwa kwa mamilioni.

Msamaha chini ya RoHS si haki ya kudumu. Unatolewa pale ambapo hakuna mbadala unaowezekana kiufundi, au mbadala hauaminiki, au madhara ya mbadala kwa mazingira na afya yanazidi faida yake. Na una tarehe ya kufa. Misamaha ya tyubu ilitakiwa kuisha Julai 2016. Mwanzoni mwa 2015 wenye viwanda waliomba iongezwe, na hapo ndipo kifungu kimoja kidogo kilipofanya kazi kubwa: ombi likiwasilishwa kwa wakati, msamaha wa zamani unaendelea kuishi mpaka Tume itoe uamuzi. Tume ilikaa na maombi hayo kwa takriban miaka saba. Maamuzi yalichapishwa Februari 2022, yakazipa enajiseva za kuchomeka mpaka Februari 2023 na tyubu za T5 na T8 mpaka Agosti 2023.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, ulimwengu wa taa ulikuwa umebadilika. Tyubu za LED zinazoingia kwenye holda ya T8 zilikuwa zimejaa madukani, na hoja ya "hakuna mbadala" ilikuwa imekufa. Ninaona kuchelewa huko kuwa udhaifu mkubwa wa sheria nzima. Utaratibu unaomnufaisha mwombaji kwa kila mwezi wa kimya unampa mwombaji sababu ya kutaka kimya kirefu.

Viwanda vilikuwa na hoja moja ambayo fundi yeyote ataielewa. Taa ya tyubu yenye choki (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu) ya kizamani haina shida: unachomoa stata (kile kidude kinachoiwasha tyubu), unaweka ile stata ya bandia inayokuja na tyubu ya LED, unafunga, inawaka. Yenye choki ya kielektroniki ni habari nyingine. Baadhi ya tyubu za LED zinaelewana na choki hizo, nyingine zinapepesa au haziwaki, na suluhisho linakuwa kuiondoa choki na kufunga upya nyaya. Hapo usalama unabadilika, na kwa sheria za Ulaya anayebadilisha bidhaa kwa kiasi hicho anabeba wajibu aliokuwa nao mtengenezaji. Hoja ilikuwa ya kweli, ila haikutosha kuendelea kusambaza zebaki.

Na ile sheria ya umeme? Nayo ilikuwa imeipangia T8 za futi mbili, nne na tano tarehe yake, 1 Septemba 2023, wiki moja tu baada ya RoHS. Lakini T5 ilikuwa imeiacha, kwa kuwa kwa fomula yake ilikuwa bado inafaulu. RoHS ndiyo iliyofagia zote. Haikufagia kila kitu chenye zebaki, hata hivyo: taa za sodiamu za barabarani na taa za urujuanimno za kuua vijidudu, kwa mfano, zilipewa misamaha hadi 2027.

Taka

Agizo la WEEE la sasa ni 2012/19/EU. Linamtwisha mzalishaji gharama ya kukusanya na kuchakata, na "mzalishaji" hapa ni pamoja na mwagizaji, na hata anayeuza kwa mtandao kutoka nje ya nchi. Ndiyo maana ya ile alama ya pipa lililokatwa msalaba. Duka lenye eneo la mauzo ya vifaa vya umeme lisilopungua mita za mraba 400 linapaswa kupokea bure vifaa vidogo visivyozidi sentimita 25, hata kama hununui kitu. Balbu inaingia. Tyubu ya futi nne haiingii. Hiyo unairudisha unaponunua nyingine, au unaipeleka kituo cha ukusanyaji.

Tangu 2018 taa zina kundi lake peke yake katika sheria hii, na asilimia 80 ya uzito wa zinazochakatwa lazima irudi kuwa malighafi. Kioo na vifuniko vya alumini ni rahisi. Unga mweupe ndio wenye mali adimu kama itriamu na europiamu, na kampuni ya Solvay ilijenga shughuli ya kuzitoa humo huko La Rochelle, Ufaransa, kisha ikaifunga mwaka 2016 baada ya bei za madini hayo kuporomoka. Sheria ilihakikisha taa zinakusanywa. Soko halikuhakikisha kwamba kila kilichomo kina mnunuzi.

LED zimeleta tatizo lao. Taa nyingi za dari sasa zinauzwa zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja na chip zake, na chip ikifa unatupa taa nzima. Kifungu cha 4 cha kanuni ya 2019/2020 kinataka chanzo cha mwanga na kidhibiti chake viweze kutolewa na kubadilishwa kwa zana za kawaida bila kuharibu taa. Lakini kinaruhusu mtengenezaji kukwepa akitoa sababu za kiufundi, na ruhusa hiyo ni pana kuliko inavyofaa. Sheria mpya ya usanifu, 2024/1781, iliyoanza kufanya kazi Julai 2024, inaleta pasipoti ya kidijitali ya bidhaa na mkazo zaidi kwenye urekebishaji. Kwa taa, kanuni ya 2019 inaendelea hadi itakapobadilishwa.

Mlango uliobaki wazi

RoHS inakataza kuweka tyubu kwenye soko la Ulaya. Haikukataza kuzitengeneza Ulaya na kuziuza nje. Kwa hiyo taa iliyohukumiwa kuwa hatari mno kwa darasa la Ulaya iliweza kutoka kiwandani hukohuko kuelekea bandari za Afrika, kwenye nchi zenye uwezo mdogo zaidi wa kuikusanya ikivunjika. Hilo halikuwa sawa, na hakuna maelezo ya kibiashara yanayolifanya liwe sawa.

Walioliinua jambo hili duniani ni nchi za Afrika zenyewe. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliwatia watu sumu kupitia samaki, ulianza kutumika mwaka 2017. Mwaka 2021 kundi la Afrika lilipeleka pendekezo la kuondoa taa za zebaki kwa ratiba. Mkutano wa Bali, Machi 2022, ulikubali kuondoa enajiseva za kawaida za hadi wati 30 ifikapo 2025. Mkutano wa Geneva, mwishoni mwa 2023, ukaweka tarehe za tyubu: zile za unga wa kizamani 2026, nyingine 2027. Baada ya hapo ndipo Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango wake kwa kanuni ya 2024/1849, inayokataza kutengeneza na kuuza nje aina kadhaa za taa za zebaki, baadhi mwisho wa 2025 na nyingine mwisho wa 2026.

Kwa hiyo mwagizaji wa Afrika Mashariki anayepewa leo bei ya kuvutia mno ya kontena la tyubu ajue anachonunua: bidhaa inayofungiwa milango ya viwanda kote duniani kwa ratiba iliyokwisha kuandikwa, na ambayo stata na choki zake zitafuata. Kenya tayari ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotambua wajibu wa mzalishaji kwa taka ya bidhaa yake, kwa hiyo swali la nani alipie tyubu iliyokufa linaweza kumrudia yeye. Akitaka tyubu za LED, aombe jina kamili la modeli na aina ya choki inayokubaliana nayo kabla ya kulipa. Kama muuzaji anadai ni mali inayouzwa Ulaya, modeli hiyo itakuwemo EPREL, ikiwa na lumeni zake, wati zake na herufi yake.